Msumari wa Fundi Kimya

Pini ilimruka Mama Pasi kifuani ikaenda kunasa kwenye tumbo la mumewe.

Alikuwa ameinama kumpa chai ya asubuhi, na kifuani, kama kawaida yake, alikuwa amechomeka safu ya pini za kufungia vitambaa vya alama kwenye nguo za wateja waliomletea kupiga pasi. Moja haikuwa imeshika vizuri. Ikachomoka, ikalishika shati la mumewe juu kidogo ya kitovu, ikatulia pale kana kwamba imerudi kwao. Mama Pasi akaivuta. Ikagoma. Akaivuta kwa nguvu, ikatoka, akaiachia kidogo tu, ikarudi palepale.

"Baba Bonge," akasema, "umevaa nini humo ndani?"

Mumewe hakujibu. Kutojibu ndiyo ilikuwa sifa yake mtaa mzima. Alikuwa fundi viatu, na kutwa nzima alikaa barazani kwake na misumari midogo mdomoni, akiitoa mmoja mmoja kwa ulimi na kuigongelea kwenye soli. Mtu mwenye misumari mdomoni hazungumzi. Mteja akiuliza bei, fundi anaonyesha vidole. Mteja akilalamika, fundi anagonga nyundo. Mteja anaendelea kulalamika peke yake, anajibishana na nafsi yake, anajishusha, anajipandisha, mwisho anakubali bei ileile ya mwanzo na kuondoka akijiona ameshinda. Ndiyo maana wakamwita Fundi Kimya, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Lakini asubuhi hiyo hakuwa na msumari mdomoni, na mkewe alishaanza kumfungua vifungo. Chini ya shati palikuwa na kitambaa kilichozungushwa kiunoni kama mshipi, na ndani ya kitambaa, tena kimebana barabara, kilikuwa kile kisumaku kizito cha spika mbovu alichokitumia kuokotea misumari inayodondoka mavumbini.

Ikabidi aseme. Alisema kwa shida, akiwa ameitazama miguu yake. Miezi kadhaa nyuma alikuwa anagongelea kisigino cha kiatu cha mwanamke, mdomo umejaa, mara akapiga chafya. Misumari ikatapakaa. Akaiokota yote kwa sumaku, akarudi kazini, lakini kisigino kilipokamilika kilibaki na tundu moja wazi. Alitafuta chini ya benchi, ndani ya viatu, hadi kwenye ndevu zake. Hakuuona. Siku chache baadaye tumbo likaanza kuwaka moto. Akajua umekwenda wapi. Tangu hapo alikuwa akila ndizi mbivu kwa wingi ili msumari uteleze, na ulipokataa kuteleza akaona afadhali aufunge kwa sumaku ukae mahali pamoja, usije ukatembea ukafika kwenye moyo.

Mama Pasi alicheka mpaka akakalia rundo la nguo zilizokwisha pigwa pasi. Alicheka huku akijipangusa machozi kwa mkono wa shati la mtu. Mumewe naye, kwa kuwa siri ilishamwagika, akatabasamu kidogo.

Ndipo macho ya Mama Pasi yakatua kwenye mkanda wa suruali ya mumewe. Mkanda wa ngozi, kazi ya mikono yake mwenyewe. Pembeni ya matundu ya zamani palikuwa na tundu jipya, na pembeni ya hilo jingine, na pembeni ya hilo la tatu ambalo ngozi yake ilikuwa bado nyeupe ndani. Kicheko kikamkauka. Mkanda wa namna hiyo alishauona. Aliuvaa shemeji yake, kaka mkubwa wa Kimya, fundi viatu vilevile, ambaye alilalamika tumbo, akatoboa mkanda, akalalamika, akatoboa, mpaka mkanda ukamzunguka mara mbili. Hospitali walisema ni saratani ya tumbo na kwamba amechelewa. Nyumbani hakuna aliyependa neno hilo, wakasema ni misumari. Fundi viatu huliwa na misumari, wakasema, na wote wakakubaliana hivyo siku ya mazishi.

"Tunakwenda hospitali," Mama Pasi akasema.

Fundi akatikisa kichwa. Mwanafunzi akimeza msumari ni sawa, bado anajifunza. Fundi mzima na mvi zake akimeza msumari ni kichekesho, na mafundi wa mtaa wa pili wangekula na kushiba kwa hadithi hiyo mwaka mzima. Mkewe akamwambia achague. Ama waende hospitali wajue wachache, ama yeye atoke pale mlangoni na sumaku mkononi amweleze kila mteja atakayeleta nguo, na wateja wake hawana breki midomoni.

Wakaenda.

*

Dirisha la kuandikisha wagonjwa lilikuwa na kioo kizima chenye kitundu kimoja chini, usawa wa kitovu. Ukitaka kusikika ilibidi uiname kama unayechungulia ndani ya tanuri. Kimya aliinama, akanong'ona. Mwandikishaji akamwambia hasikii. Akanong'ona tena.

"Umemeza nini?" mwandikishaji akauliza kwa sauti iliyofika mpaka kwenye geti. "Msumari? Wa bati au wa mbao?"

"Wa kiatu," akajibu Mama Pasi kwa niaba yake, kwa kuwa fundi alishaanza kutafuta njia ya kutokea.

Benchi zima likageuka. Kabla hawajapata pa kukaa walishapewa ushauri wa kutosha. Mama mmoja alisema anywe mafuta ya kula. Bwana mmoja aliyefungwa plasta mguuni alisema mjomba wake alimeza ufunguo wa kabati, ukatoka wenyewe siku ya pili, na kabati likafunguka vizuri tu. Wengine wakataka kujua kama mjomba aliuosha. Kimya alijikunyata, akavuta kola ya shati mpaka masikioni. Kwenye chumba cha picha akakumbushwa avue kila kitu cha chuma, na mpiga picha alipokiona kile kitambaa na kilichokuwa ndani yake, alitoka nje kidogo. Walimsikia akicheka nyuma ya ukuta.

Daktari alikuwa dada kijana, mpole, aliyevaa viatu vilivyolika visigino upande mmoja. Kimya alivitazama viatu hivyo muda wote kwa sababu aliona haya kumtazama usoni. Daktari akainua picha kwenye mwanga. Akaitazama juu, chini, akaigeuza. Akasema hakuna msumari wowote. Pengine ulishatoka siku nyingi, pengine haukuingia kabisa.

Mama Pasi akashusha pumzi. Alipomgeukia mumewe ili wacheke pamoja, akamkuta uso umemshuka.

"Tazama tena," Kimya akasema. "Labda umejificha nyuma ya mfupa."

Daktari akatazama tena kwa heshima. Hakuna.

Hapo ndipo Mama Pasi alipomwelewa mtu aliyekuwa analala naye kitanda kimoja. Miezi yote ile, ule msumari haukuwa hofu ya mumewe. Ulikuwa faraja yake. Msumari ni kitu anachokijua, anakishika kila siku, una kichwa na una ncha. Msumari ukiwepo, basi maumivu ni ya msumari. Usipokuwepo, ni yale ya kaka yake.

Daktari akauliza maswali, na Mama Pasi ndiye aliyeyajibu, mpaka lilipofika swali la rangi ya choo, ambalo hakulijua. Kimya akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kuwa siku nyingine kinakuwa cheusi kama rangi ya viatu. Daktari akaacha kuandika. Akauliza kama kuna ndugu aliyewahi kuugua tumbo. Waliposema ya kaka, akaandika kwa muda, kisha akawaeleza kuwa atahitaji kuingiza kamera ndogo kwa njia ya mdomo, aone tumbo kwa ndani na akate vipande vidogo vya kupima.

*

Siku ya kamera, Bibi, mama yake Kimya, aliomba kwenda. Alikataliwa, akaenda. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye meno yake yote, aliyejivunia meno hayo kuliko watu wengine wanavyojivunia nyumba, na popote alipokwenda alikwenda na Bonge mgongoni. Bonge alikuwa kitinda mimba, aliyekuja wakati Mama Pasi alishagawa nguo zote za watoto. Kaka zake walikuwa wamekwishaondoka nyumbani, na Bibi alimlea kama mtu aliyepewa zawadi ya uzeeni.

Kimya alitoka chumba cha kamera akiwa na koo la kukwaruza na macho mekundu. Bibi akamwambia mkwewe kwamba angalau leo mwanawe ametia mdomoni kitu asichoweza kukigongelea. Mama Pasi akacheka. Majibu ya vipande, waliambiwa, yangechukua zaidi ya wiki.

Ilikuwa wiki mbaya kwa nguo za watu. Mama Pasi alisimama mezani na pasi mkononi, akiutazama mkanda wa mumewe kupitia dirisha la barazani, na harufu ikamzindua wakati umeshapita. Alama ya pasi ilikaa mgongoni mwa shati jeupe la mhasibu, kahawia, safi, yenye ncha, kama imechorwa. Mhasibu alipokuja kulichukua hakufoka. Alilivaa palepale, akavaa koti juu yake, akasema ofisini kwao hakuna anayevua koti, halafu akamwambia Mama Pasi aliyasikia ya mumewe na anamwombea. Upole huo ulimchoma Mama Pasi kuliko matusi. Ulimwonyesha kuwa mtaa ulishaanza kumhesabia ujane.

Mafundi wa mtaa wa pili, kama ilivyotarajiwa, walishampa Kimya jina jipya. Walipita mbele ya baraza wakiuliza kama kuna misumari ya kuazima, maana wamesikia anayo akiba. Kimya aligonga nyundo. Lakini jioni moja alimwambia mkewe kuwa anatamani wangekuwa wanasema kweli.

*

Siku ya majibu walikwenda wote wanne. Daktari alifunga mlango, akavuta kiti akakaa upande wao wa meza.

"Sio saratani," akasema. "Natangulia kusema hilo ili mnisikie mengine."

Hata hivyo hawakuyasikia mara moja. Mama Pasi alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, na Kimya alikuwa amefumba macho. Ikabidi daktari asubiri. Kisha akaeleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mwenzake njia ya kwenda nyumbani kwake. Ndani ya tumbo la fundi mnaishi bakteria. Wamekaa humo miaka mingi, pengine tangu utotoni. Watu wengi sana wanao bakteria hao na hawasumbuliwi nao maisha yao yote. Wengine huchimbwa vidonda, na fundi ni mmoja wao. Lakini kuna la zaidi. Ukuta wa tumbo lake umeanza kuchakaa, na ukuta ukichakaa miaka na miaka, kwa watu wachache saratani huanzia hapo.

"Kwa hiyo tunawaua sasa," daktari akasema. "Dawa za wiki mbili. Ukizikatisha, watakaobaki ni wale wagumu, na dawa hizohizo hazitawaweza tena. Ukizimaliza, hatari inapungua sana. Haiishi, ndiyo maana nitaendelea kukuita nikutazame. Lakini inapungua."

Mama Pasi akauliza waliingiaje. Daktari akasema kwa kawaida ni nyumbani, mtoto akiwa mdogo, na njia ni mdomo: maji yasiyo safi, mikono isiyonawiwa, mate. Kijiko kimoja watu watatu. Mzazi anayemtafunia mtoto chakula. Kwa fundi hawezi kujua njia ilikuwa ipi, na hakuna atakayejua.

Bibi alikuwa amekaa pembeni, Bonge mapajani, shavu moja limevimba. Alikuwa anamtafunia mjukuu wake biskuti. Aliposikia hayo akaacha kutafuna. Hakuweza kuitema mbele ya daktari, na hakuweza tena kumpa mtoto. Bonge, asiyejua lolote, alikuwa ameshainua uso na kufungua mdomo mkubwa, anangoja. Bibi akameza. Bonge akaendelea kungoja.

Daktari hakuliona hilo. Alikuwa anaandika dawa, na akasema kwa kuwa kaka mtu alikufa kwa saratani ya tumbo, ni vizuri watu wazima wote wa nyumba ile wapimwe. Kimya akaisoma ile karatasi ya dawa kama anayeielewa. Alipofika mlangoni akageuka.

"Daktari, leta hivyo viatu," akasema. "Utavunjika kifundo."

*

Dawa zilikuwa vita. Asubuhi lundo, jioni lundo, na mdomo wa Kimya ukajaa ladha ya chuma ambayo haikutoka kwa chai, kwa sukari wala kwa kupiga mswaki. Chakula, alisema, ni kama kutafuna kitasa cha mlango. Siku za kwanza alifurahi nayo. Alimwambia mkewe kuwa daktari ni mtaalamu lakini kwenye picha hakuona vizuri, kwa sababu msumari sasa unayeyuka na yeye anauonja. Mama Pasi alimwambia auonje kimyakimya.

Kisha maumivu yakaondoka, na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Mtu asiyeumwa haoni sababu ya kula kitasa. Asubuhi moja Mama Pasi aliikuta pakiti ya dawa haijaguswa, na alipouliza, Kimya akamjibu kwa kugonga nyundo. Akauliza tena. Fundi akatoa misumari mdomoni, jambo alilolifanya mara chache, ili aseme kuwa amepona, kuwa tumbo ni lake, na kuwa aliacha tangu jana. Akairudisha misumari. Mama Pasi alimkumbusha maneno ya daktari. Alimkumbusha mkanda. Alitishia kuacha kumpikia, na Kimya akaonyesha kwa mkono kwamba hilo kwa sasa lingekuwa nafuu.

Ndani nako hakukukalika. Tangu siku ile ya majibu Bibi alikuwa amepoa kama jiko lililomwagiwa maji. Hakutania tena. Hakumlisha tena Bonge, na Bonge alimfuata chumba hadi chumba na kipande cha chakula mkononi, akimnyooshea, akilia akigeuziwa mgongo. Kila akiambiwa siku ya kwenda kupimwa imefika, Bibi alikuwa na kazi.

Mama Pasi akamfuata uani, alipokuwa anaanua nguo. Alikwenda kumshitaki mumewe kwake, kwa kuwa katika dunia nzima Kimya alimwogopa mtu mmoja tu. Lakini Bibi alimtangulia. Alisema akiwa amempa kisogo, akiikunja shuka ambayo ilishakunjwa.

"Wote wawili niliwatafunia, mkwe wangu. Huyu na marehemu. Hakukuwa na kitu laini cha kuwapa watoto. Sasa nikipimwa nikakutwa nao hao wadudu, si nitakuwa nimemzika mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe?"

Mama Pasi hakuwa mtu wa maneno mazuri. Angeweza kusema hapana, lakini hapana hiyo hata daktari hakuwa nayo.

"Mama, sijui," akasema. "Daktari naye kasema hajui. Ninachokijua mimi ni huyu aliyebaki. Ameacha dawa tangu jana, na hanisikii."

Bibi akageuka. Shuka ikamteleza ikaanguka chini, na hakuiokota.

*

Barazani Kimya alikuwa na mteja, mwalimu mkuu wa shule ya jirani, amekaa kwenye kigoda na soksi mguu mmoja, akijibishana mwenyewe kuhusu bei ya soli. Bibi alitoka na pakiti mkono mmoja na kikombe cha maji mkono wa pili. Nyuma yake walikuja Mama Pasi na Bonge.

"Fungua mdomo," Bibi akasema.

Kimya akamwonyesha mwalimu kwa macho, kwamba kuna watu.

"Mwalimu naye ana mama. Fungua."

Hakuna aliyewahi kumwona Fundi Kimya akitoa misumari haraka namna ile. Aliitema kiganjani, akafungua mdomo, na Bibi akamweka vidonge kwenye ulimi kimoja baada ya kingine, akimpa maji katikati. Kila kidonge uso wa fundi ulijikunja kama soli iliyoachwa juani. Alipomaliza akaambiwa atoe ulimi, akautoa, ukakaguliwa pande zote. Mwalimu mkuu alishindwa kujizuia, akacheka. Watu wawili waliokuwa wanapita wakasimama.

"Na jioni nakuja," Bibi akasema. "Na kesho tunapita hospitali, ukaungame mwenyewe kuwa uliruka siku, wakuambie la kufanya. Na mimi nitapimwa hapohapo." Sauti yake ikapungua. "Nikikutwa nao, utaniambia uso kwa uso unanifikiriaje."

Kimya aliishika misumari yake kiganjani, imelowa mate, akaitazama. Angeweza kuirudisha mdomoni. Mkewe alijua ndilo jambo analolitaka kuliko yote.

"Mama," akasema, "nyumbani hapakuwa na maziwa. Hapakuwa na uji. Ulichokuwa nacho ni meno. Ndiyo uliyotulea nayo."

Hakusema zaidi. Kwa Kimya hiyo ilikuwa hotuba ya mwaka. Bibi alisimama na kikombe kitupu mkononi. Kisha akamwambia mwalimu mkuu kwamba soli ile haina thamani ya pesa anayobishania na alipe aende zake, akaingia ndani. Waliobaki nje wakamsikia akipenga kamasi kwa nguvu.

*

Bibi alikutwa nao. Alilipokea jibu akiwa amekaa wima, mikono mapajani, akauliza swali moja tu, kama dawa zake ni zilezile za mwanawe. Zilikuwa zilezile. Kimya naye aliambiwa aendelee pale alipoishia na mwisho usogee mbele kufidia siku aliyoiruka.

Kuanzia hapo vita ikageuka mashindano. Mama na mwana walikaa mezani wakitazamana, kila mmoja na lundo lake, wakimeza kwa zamu. Kimya akisema mdomo wake una chuma, Bibi anasema wake una gereji nzima. Kimya akikunja uso, Bibi anamwambia aliona uso huohuo siku alipomwachisha ziwa. Mama Pasi alinunua uma wa kuponda chakula cha Bonge, kila mtu akapewa kijiko chake, na sabuni ikawekwa kando ya ndoo ya maji. Bonge aliutazama uma kama mtu aliyetapeliwa. Siku ya kwanza aliutupa. Siku ya tatu aliponda mwenyewe, chakula kingi kikienda ukutani, na Bibi akasema mtoto huyu atakuwa fundi wa plasta.

Baada ya dawa kuisha ilibidi wakae mwezi mzima ndipo wapimwe tena. Kipimo kilihitaji kila mmoja apeleke choo kidogo kwenye kikopo chenye kifuniko. Bibi alikifunga cha kwake kwa karatasi, akakizungushia mtandio, akakitia ndani ya mkoba wake wa sherehe, akaukumbatia mkoba njia nzima. Mtu akimsalimia, anaukaza zaidi. Kimya alimwambia hakuna mwizi anayestahili adhabu hiyo.

Daktari aliwaita wote pamoja. Alikuwa amevaa vile viatu vyake, visigino vipya, na kabla ya kusema neno aligonga kimoja sakafuni ili fundi asikie. Kisha akasema hakuna bakteria, si kwa fundi, si kwa mama yake. Fundi atarudi mwakani atazamwe tena kwa kamera, lakini kwa leo aende akale anachotaka.

Mama Pasi aliutazama mkanda wa mumewe. Ulikuwa umerudi nyuma tundu moja, kuelekea matundu ya zamani.

Bibi hakunyanyuka. Alimuuliza daktari, taratibu, kama yule mkubwa angepewa dawa hizi mapema, je.

"Siwezi kukudanganya, mama," daktari akasema. "Pengine zingemsaidia, pengine zisingemsaidia. Wengi wanaoishi na bakteria hawa hawapati saratani kabisa, na kwa yule anayepata, mambo huwa ni mengi. Ningekuambia kama ningejua."

Bibi akaitika kwa kichwa. Akajishika magoti akasimama. Alisema daktari ni mtoto mkweli na aolewe na mtu mzuri. Daktari akacheka, akasema ameshaolewa. Bibi akasema basi huyo mume naye awe mzuri.

Kwenye korido Kimya alikuwa ameshaanza kutaja chakula. Alitaka wali, alitaka nyama, alitaka vitu vyenye pilipili ambavyo mkewe alikuwa amemficha tangu mwanzo. Mama Pasi alikuwa anatembea mbele kwa haraka, mtoto kiunoni, akisema nguo za watu zinangoja na pasi haijipigi yenyewe. Walipofika usawa wa dirisha la maabara Bibi akasimama.

"Mkwe wangu," akasema, "si tuliambiwa watu wazima wote wa nyumba?"

Mama Pasi akajibu kuwa yeye haumwi popote, kuwa ni msimu wa sare za shule, kuwa atakuja wiki ijayo, au ile nyingine. Alisikia sauti yake mwenyewe ikitoa sababu moja baada ya nyingine, na akaona uso wa mumewe ukifunguka kwa furaha ambayo hakuwa ameiona kwa muda mrefu.

"Nguo hazina tumbo," Bibi akasema.

Bibi akampokea Bonge. Kimya akamshika mkewe mkono, akamwongoza mpaka dirishani, akainama kwenye kitundu na kuomba kikopo kwa sauti kubwa kabisa, ya kusikika mpaka kwenye benchi la wagonjwa, ambako vichwa viligeuka vyote kwa pamoja. Mhudumu akakitoa. Mama Pasi akakitazama, kidogo, cheupe, na kifuniko chake cheupe. Akawatazama mama na mwana waliosimama bega kwa bega kama askari wawili, na Bonge katikati yao akimpungia mkono.

Basi akauliza choo kiko upande gani.